Nyambizi ya kujiundia ianze na kiti, si na chuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu wazo linalozidi kupata wafuasi katika karakana za hapa Lamu, kwamba vijana wanaojua kuchomelea vyuma na kufungua injini za mashua wanaweza kuunda nyambizi ndogo ya mtu mmoja au wawili, ya kutazamia miamba na kutembezea wageni. Sina nia ya kuwavunja moyo. Jambo hilo limefanywa kwingineko na watu wasio na kiwanda wala mfuko wa serikali: nahodha mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, George Kittredge, aliuza michoro ya chombo cha mtu mmoja kiitwacho K-250, kilichokusudiwa kufika futi 250, yaani takriban mita 76, na wapo waliokiunda uani mwao. Kinachonisumbua ni mahali ambapo vijana wetu wanataka kuanzia.

Kila mazungumzo nao huanza na chuma na huishia kwenye chuma: bamba la milimita ngapi, mshono wa namna gani, kina gani. Hayo ni maswali ya lazima, lakini yana majibu. Hesabu za presha zimo vitabuni, na mwili wa chombo unaweza kujaribiwa ukiwa mtupu, ukashushwa kwa kamba hadi kupita kina utakachotumiwa, ukapandishwa na kukaguliwa bila kuhatarisha roho ya mtu. Chumba cha ndani hakina jaribio la namna hiyo. Ubaya wake haujulikani mpaka mtu awemo, amejikunja, jasho likimtiririka, na mkono mmoja ukitafuta koki ambayo macho hayaioni. Kwa hiyo ningependa waanze na kiti, wakipangie vishikio vyake, na mwisho kabisa ndipo wakinunulie chuma.

Tangu chombo cha Titan kilipopondeka na presha tarehe 18 Juni 2023 kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, na watu 5 wakafa, wengi hapa pwani wamebaki na jambo moja tu kichwani, kwamba kiliendeshwa kwa kidhibiti cha michezo ya video. Kicheko hicho kimepotosha. Kilichowaua ni mwili wa chombo, ambao sehemu yake ya kati ilikuwa ya nyuzi za kaboni na ambao haukuwa umepitishwa na shirika lolote la ukaguzi wa vyombo; kidhibiti hakikuwa na hatia. Jeshi la majini la Marekani lenyewe hutumia vidhibiti vya aina hiyo kuzungushia mlingoti wa kamera katika nyambizi zake za daraja la Virginia, kwa kuwa mabaharia vijana wamevizoea tangu utotoni. Linalofaa kuulizwa ni kwamba kidhibiti kikizimika, kuna nini nyuma yake. Kile cha Titan hakikuwa hata na waya. Katika chombo cha kujiundia, kila mota iwe pia na swichi yake ya mkono yenye waya wake, nayo ikae upande ule ule ambako mota ipo, ili kijiti cha kuendeshea kikifa, nahodha aendelee kwa swichi bila kulazimika kukumbuka lolote. Na kijiti chenyewe kikiachiwa, kirudi katikati na mota zisimame.

Hapa lipo jambo ambalo michoro ya ng'ambo haiwezi kulijua. Nahodha wa Lamu amekua na kana mkononi, yaani ule mpini wa kugeuzia usukani wa mashua. Anapotaka omo, yaani pua ya chombo, iende kulia huisukuma kana kushoto, na hufanya hivyo bila kufikiri. Mkabidhi mtu huyo kijiti ambacho kikisukumwa kushoto chombo huenda kushoto, naye maji yakiwa shwari atakizoea upesi. Lakini mwamba utakapomjia ghafla kutoka kwenye maji ya tope, mkono utafanya ulichojifunza zamani, na atauparamia mwamba ule ule aliotaka kuukwepa. Hali ni hiyo hiyo kwa juu na chini, kwani aliyezoea ndege huvuta kijiti kifuani ili apande, na mwingine asiyejua ndege huona kusukuma mbele ndiko kupanda.

Wapo watakaosema tuige kana, kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Mimi sikubaliani nao. Kijiti kielekee kule chombo kinakokwenda, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni ambayo hata abiria asiye baharia ataielewa iwapo nahodha amezirai na yeye hana budi kushika usukani. Ila kisiwekwe mahali pa kana wala kisiwe na umbo lake. Kiwe kifupi, cha kushikwa kwa vidole, karibu na paja la kulia, mahali ambapo kiwiko kimepata pa kuegemea ili chombo kikiyumba mkono usikiyumbishe zaidi. Vidole vikigusa kitu kisichofanana kabisa na kana, mazoea ya kana hayaamki kwa urahisi. Kanuni hiyo ikishaamuliwa iandikwe juu ya ubao ulio mbele ya nahodha, na asitokee mtu wa kuigeuza kwa matakwa yake, hata akiwa ndiye mwenye fedha.

Umbo la kishikio ni somo lililolipiwa ghali. Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, Alphonse Chapanis, alichunguza kwa nini marubani wa ndege za B-17, wakiwa wameshatua salama, walikunja magurudumu ilhali walikusudia kukunja vibao vya nyuma ya mabawa. Alikuta swichi mbili zinazofanana, zimekaa jirani. Dawa yake ilikuwa kubandika kijigurudumu cha mpira juu ya moja na kipande chenye umbo la kabari juu ya ya pili, ili mkono ujue bila kuuliza macho. Ndani ya nyambizi jambo hilo lina uzito zaidi kwa sababu ya rangi. Kila kijana ninayezungumza naye husema kishikio cha dharura atakipaka nyekundu, kana kwamba ameshamaliza kazi. Maji ya bahari huimeza nyekundu kabla ya rangi nyingine. Mwanga unaofika dirishani ukishashuka mita 15 ni wa kijani na samawati, na kishikio chekundu huonekana cheusi sawa na chuma kilicho nyuma yake. Katika mikondo yetu ya mikoko, wakati wa masika, hata huo mwanga wa kijani ni wa kubahatisha. Wapake nyekundu wakipenda, lakini kishikio cha kuangushia farumi ya dharura, yaani ule uzito wa chini unaoachwa ili chombo kipande juu, kiwe na umbo lisilopatikana pengine popote ndani ya chombo, kwa mfano pete ya chuma inayoweza kuingia ngumi nzima, na koki za hewa zisifanane kamwe na koki za maji.

Farumi yenyewe iangushwe kwa nguvu ya mkono, kupitia fimbo au skrubu, pasipo umeme wala hewa ya mtungi katikati. Kuiangusha kuhitaji miondoko miwili, kuchomoa pini kisha kuzungusha, ili goti au pindo la kikoi lisiiangushe kwa bahati mbaya. Na miondoko yote miwili iwezekane kwa mkono wowote peke yake, wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa hakuna ajuaye ni upi utakaokuwa umeumia. Nikigusia kikoi, niseme wazi kwamba mavazi ya kupepea hayana nafasi humo ndani.

Koki zote, ijapokuwa mipini yake itatofautiana umbo, ziwe za aina moja ya robo mzunguko, na zote zifuate sheria moja: mpini ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikingama, imefungwa. Fundi atakayefunga koki moja kinyume kwa sababu nafasi ilikuwa finyu amemtegea mwenzake mtego. Zielekezwe pia kwa namna ambayo mpini ukilegea na kushuka kwa uzito wake, unafunga, haufungui.

Mwaka 1939, katika siku zisizozidi kumi, nyambizi mbili za kivita zilizama zikiwa majaribioni. Ile ya Marekani, Squalus, ilizama tarehe 23 Mei. Taa za ubaoni zilikuwa za kijani, zikionyesha kwamba kila tundu limefungwa, kumbe vali kubwa ya kuingizia hewa ya injini ilikuwa wazi. Watu 26 walikufa na 33 wakaokolewa. Ile ya Uingereza, Thetis, ilizama tarehe 1 Juni ikiwa na mafundi wengi wa kiraia ndani, na watu 99 wakapotea. Kijitundu cha kupimia kama mtutu wa torpido umejaa maji kilikuwa kimezibwa na rangi, na vionyeshi vya milango ya mitutu vilipangwa ovyo, alama ya kufungwa ikiwa haiko upande mmoja kwa vyote. Baharia alikuwa na kila chombo cha kumwambia ukweli, na bado hakuambiwa.

Ninachowaomba vijana wakitoe humo ni kwamba pale jicho au mkono unapoweza kukifikia kitu chenyewe, wasiweke taa ya kukisemea. Mpini wa koki ndio uwe habari ya koki. Geji ziwe chache: kina, presha ya chumbani, presha ya mitungi ya hewa, oksijeni na kaboni dioksaidi. Geji ya kina iwe mbili, kila moja na tundu lake, maana tundu moja likiziba kwa mchanga mtu anaweza kuzama huku akisoma kwamba ametulia. Na wakati wa kuzifunga, kila moja izungushwe ili sindano zote zielekee juu mambo yakiwa sawa. Hapo jicho litaiona iliyopinda hata kabla ya kusoma namba. Zisikae chini ya dirisha wala chini ya mfuniko. Pumzi ya mtu katika chumba kilichozungukwa na maji hugeuka matone, matone hufuata chuma hadi mahali pa chini, na aghalabu hapo ndipo fundi alipoona panafaa ubao wa swichi.

Kuhusu hewa, kosa ninalolisikia mara nyingi ni kudhani kwamba adui ni kupungukiwa na oksijeni. Tuchukue chumba chenye lita 1,500 za hewa. Mtu aliyetulia hutoa kaboni dioksaidi kiasi cha lita 20 kwa saa, na akihangaika hutoa maradufu au zaidi. Baada ya saa mbili za utulivu hewa hiyo inakaribia asilimia 3 ya kaboni dioksaidi, na hapo kichwa huanza kugonga, pumzi huenda mbio, na akili hupungua uzito, ilhali oksijeni iliyosalia bado ingemtosha. Mwaka 1973, katika chombo cha Johnson Sea Link kilichonaswa kwenye mabaki ya meli huko Florida, wawili kati ya watu wanne walikufa kwa sumu hiyo, hali maji hayakuwagusa. Kwa hiyo chombo cha kuchujia hewa, chenye chokaa ya soda inayofyonza gesi hiyo, ndicho kipewe nafasi ya kwanza chumbani, jirani na uso wa mtu, na feni yake iwe na betri yake peke yake. Mtungi wa oksijeni uwe na koki ndogo ya kudondosha kidogo kidogo, kwani oksijeni ikipita asilimia 23 hivi moto hupata nguvu isiyo ya kawaida. Tena mikono yenye sifa, yale mafuta ya papa, au grisi isiguse koki hiyo kamwe. Karakana zetu zinanuka mafuta hayo tangu asubuhi, na mafuta yakikutana na oksijeni ya presha huweza kuwaka yenyewe. Betri za asidi nazo zitolewe nje ya chumba, katika vyumba vyake. Zikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, na zikiingia maji ya chumvi hutoa klorini.

Sasa mfuniko. Kijana mmoja aliniambia kwa kujiamini kwamba mambo yakiharibika atausukuma mfuniko na kuogelea. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 60, kwenye kina cha mita 30, umekandamizwa na maji kwa uzito wa zaidi ya tani 8 na nusu. Kwenye kina cha mita moja tu, ambapo mtu aliyesimama nje angekuwa na kichwa juu ya maji, mzigo huo bado ni takriban kilo 290. Hausukumiki. Njia pekee ya kutoka chombo kikiwa chini ni kuyaingiza maji chumbani kwa koki maalumu mpaka presha ya ndani ilingane na ya nje, na jambo hilo linataka mtu awe na hewa ya kupumua mdomoni na aijue koki hiyo kwa kupapasa, iliko na namna inavyozunguka. Ndiyo maana naikasirikia michoro inayoiweka nyuma ya kiti.

Haya yote yanaweza kujulikana kabla ya kutumia shilingi moja kwa chuma. Boriti za mikoko, plaiwudi na misumari vinatosha kujenga mfano wa chumba wenye vipimo kamili, ukiwa na kiti, mfuniko na vishikio vya mbao mahali pake. Aingie mtu mnene kuliko wote watakaopanda, kisha mfupi kuliko wote, kila mmoja afungwe mkanda wa kiti, na akae humo saa mbili wakati wa joto la kaskazi. Kisha afungwe macho kwa kitambaa, na mwenzake aliye nje apige kelele bila kumwonya: maji yanaingia, moshi, umenaswa na wavu wa jarife, mota ya kushoto imekwama ikizunguka. Mkono ambao haukufika kwenye kishikio sahihi kabla ya mtu kupumua mara mbili umeonyesha kwamba kishikio kiko pabaya. Kihamishwe, si mtu aambiwe afanye mazoezi zaidi. Fundi wa Matondoni hajengi jahazi kwa karatasi. Huweka mkuku, ule mti wa chini kabisa wa jahazi, akasimama mbali, akatazama kwa jicho, na ubao usiompendeza huung'oa. Chumba cha nyambizi kinastahili jicho hilo hilo.

Nimetaja jarife kwa makusudi. Agosti 2005 chombo kidogo cha Urusi, AS-28, kilinaswa na nyavu karibu na Kamchatka kikiwa na watu 7, na waliokolewa baada ya takriban siku tatu, kwa mashine ya Waingereza iliyoletwa kwa ndege kuzikata kamba hizo. Sisi hatuna mashine ya namna hiyo karibu. Gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni Septemba 2019 lilikaa chini karibu wiki mbili kabla ya kutolewa, na Likoni iko mlangoni pa bandari kubwa kuliko zote nchini. Kwa hiyo nyambizi ya Lamu isiende mahali ambapo kina cha sakafu ya bahari kinazidi mita 30, hata kama chuma chake kinaruhusu zaidi, ili mzamiaji wa kawaida aweze kuifikia. Na isiende karibu na midomo ya Mto Tana mto ukiwa umefurika: chombo kinachosukuma lita 2,000 za maji hupoteza kama kilo 50 za kuelea kinapotoka kwenye maji ya chumvi na kuingia kwenye maji baridi, na nahodha ataona kina kikiongezeka bila kuelewa sababu.

Mamlaka ya Baharini ya Kenya, ambayo ndiyo hukagua na kusajili vyombo, ihusishwe wakati mfano wa mbao ungali umesimama, si siku ya kushusha chombo majini. Jeshi la majini lina kambi Manda, na kitu cha chuma kitakachoibuka mkondoni bila mtu kuarifiwa hakitapokewa kwa vigelegele.

Limebaki suala la nje, ambalo sijamsikia kijana hata mmoja akilitaja. Watakaofika kwanza kwenye chombo kilichokwama watakuwa wavuvi wa Shela au wazamiaji wa kambakoche wa Kizingitini, ambao hawajawahi kukiona. Mfuniko lazima ufunguke kutoka nje bila spana, na Titan, ambayo kifuniko chake kilifungwa kwa bolti kutoka nje, isiigwe katika hilo. Pawe na pete ya kufungia kamba ya kunyanyulia, nayo ichomelewe mahali ambapo chombo kikivutwa kinapanda wima. Kando ya kila kitu cha kushika pachorwe mshale na paandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi nyeupe zenye urefu wa kiganja: ZUNGUSHA HAPA KUFUNGUA, FUNGA KAMBA HAPA, USIGUSE KOKI HII. Maandishi hayo yarudiwe ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na chini ya tumbo, kwa sababu chombo kilichoangusha farumi yake kinaweza kuibuka kimelala upande wowote.

Wako,
Fundi wa vyombo,
Matondoni, Lamu